Kidonge Kwenye Glasi

Saa tatu na nusu, Nyakato, ghorofa ya pili juu ya ghala,
nilitumbukiza kidonge kimoja kwenye glasi ya maji,
nikaiweka mbele yangu, nikakaa kikaoni kama wenzangu.
Kilizama, kikatulia,
cheupe, na mikato mitatu mgongoni.

Bwana Rwechungura alikuja na ndege ya asubuhi.
Ramani yake ameipaka Kanda ya Ziwa rangi ya chungwa.
Kalamu ikawa inaruka kisiwa hadi kisiwa,
Kome, Maisome, Ukara,
"Hapa ndipo penye mteja asiyekwisha.
Mtoto anatibiwa kichocho Jumatatu,
Jumanne yumo majini tena,
na konokono hawana likizo.
Ziwa lenyewe, jamani, ni wakala wetu,
na halidai kamisheni."
Tukacheka. Na mimi nilicheka.
Chai ilikuwa na tangawizi.

Dakika kumi na tano. Kidonge bado kidonge.

Juzi muuguzi Nabwire alinipigia kutoka Ukara,
sauti ikikatika kila upepo ulipogeuka.
Aliwapanga watoto mia mbili na tisa
kwenye ule ufito wenye alama,
urefu wa mtoto ndio idadi ya vidonge:
hadi hapa viwili, hadi pale vitatu.
Wapo waliosimama kwa ncha za vidole
wakidhani aliye mrefu atasifiwa.
"Dada," akasema, "nisikufiche:
vidonge vyenu vinatoka kama vilivyoingia.
Mama mmoja kaniletea kimoja kwenye jani,
amekiosha.
Anauliza kama kinafaa kutumika tena."

Nusu saa. Kwa kanuni, muda huo unatosha
kidonge kusambaratika kiwe wingu.
Hiki kilikuwa kinatutazama.

Tulibadili gundi mwezi wa pili.
Shilingi sita kwa kila kidonge:
huo ndio ulikuwa mkakati, hauna jina jingine,
na ulipita kwa saini tatu.
Ya tatu ni yangu.

Nikasema, bechi hii irudishwe, katoni zote.
Bulugu wa fedha, mtu mpole, baba wa mapacha,
akabonyeza kikokotoo bila kuniangalia.
Boti, mafuta, vibarua, tangazo la redio:
kurudisha, milioni sabini na mbili.
Kunyamaza, bure.
Hakudanganya popote.
Hesabu yake ilinyooka hadi senti ya mwisho,
na hapo ndipo niliposhikwa na baridi.

Rwechungura akainama kwangu kwa sauti ya kaka:
"Hakina sumu. Hakijaua mtu.
Robo hii ikienda kombo, nani atawalipa vijana wa ghala?
Unawajua kwa majina, Kabula.
Niambie, tuanze kumwondoa yupi?"

Nawajua. Masalu anadaiwa pikipiki.
Nyanzala ananyonyesha, hupumzika nyuma ya maboksi ya dripu
na sote tunajifanya hatumwoni.
Swali halikuwa la kipumbavu.
Sina jibu lake hadi leo.

Nje, lori lilikuwa linapakiwa kwenda Kirumba,
katoni juu ya katoni, nembo yetu ya jani bichi
na chini yake, kwa wino wa buluu: Afya Kwanza.
Nilihesabu hadi ishirini na saba, nikapoteza hesabu.
"Basi," mwenyekiti akasema, "tuliandike hivi:
suala linafuatiliwa."
Kalamu zikainama zote pamoja
kama mabua ya mtama upepo ukipita.

Mama Sayi akaingia kukusanya vikombe.
Hakuna anayemwona Mama Sayi akiingia.
Alifika kwangu, akaiinua glasi juu kwenye mwanga wa dirisha,
akatikisa kichwa kama anayemkanya mtoto:
"Dada Kabula! Dawa yako hujaimeza."

Kikao kizima kikageuka.

Nikasema, si yangu.
Kisha nikasema,
ni yangu.