Mara ya Kumi na Nane

Nimeliwa mara kumi na saba mfululizo.
Najua hesabu kwa kuwa naandika
tarehe, dau, saa ya kuondoka,
kwa penseli, katika daftari lenye picha ya sungura
aliloliacha mjukuu wangu.

Hapa Butte, Montana, theluji imefika madirishani.
Kila Alhamisi naketi chumba cha nyuma, baa ya Trbovich,
kati ya Orville fundi bomba, anayenukia gundi,
na Haugen, daktari wa meno
asiyewahi kutuonyesha yake.

Wafalme wawili mkononi: nikaliwa na mbili ya pau.
Ree mbili: nikaliwa na Orville,
aliyedhani ameshika kitu kingine kabisa.
"Samahani, Milka," akasema,
akikumbatia lundo la sarafu za plastiki
kama mtu anayebeba kuni za jirani.

Nikabadili kiti. Nikabadili soksi.
Miaka thelathini niliendesha basi la shule juu ya barafu
na sikuamini nuksi;
leo naona haya kusema
kwamba mlango wa mbele siupiti tena.

Kitandani nazicheza upya zote.
Kitandani nashinda.

"Lete hilo daftari," akasema dada yangu Zorka,
karani wa mishahara mgodini hadi mgodi ulipofungwa.
Kopa na shupaza hazijui. Anajua safu za tarakimu.
Akasoma huku anamenya chungwa,
kidole chake chenye maji kikashuka, kikashuka,
kikasimama.
"Zamani uliondoka saa nne.
Tangu Novemba ni saa nane, saa tisa.
Nani alikushika miguu?"

Nikafungua mdomo nimtaje Orville.
Nikaufunga.

Bahati ilinila, ndiyo, naapa ilinila,
lakini ilikuwa imeshiba ifikapo saa nne.
Baada ya hapo
nilikuwa najila mwenyewe.

Alhamisi hii: saba na mbili. Natupa.
Tisa na tatu. Natupa.
Ghulamu na nne, hata rangi hazifanani,
mkono unawasha, mkono unaniambia *leo, leo*,
natupa.
"Umelala?" anauliza Orville.
Haugen anapanga sarafu zake kwa ukucha.
Ree na kumi, nawekea, nakosa, natupa.

Saa nne kamili navaa koti.
Hakuna anayesimama. Mtu anasema nifunge mlango, baridi.

Dola thelathini na nane. Mara ya kumi na nane.
Naandika ndani ya gari, glavu mdomoni,
na penseli haitetemeki, au inatetemeka kwa baridi tu.
Kisha nakwangua kioo,
tundu la ukubwa wa karata, si zaidi,
naendesha hadi nyumbani nikichungulia humo,
jambo ambalo nisingethubutu kulifanya
na watoto wa watu nyuma yangu.