Kitonge kwa Mashina Manne

Udongo wa Bi. Marigu ulifika maabara ya Kabete Jumanne
ndani ya kopo la mafuta ya kupikia,
kifuniko kimefungwa kwa mpira wa baiskeli,
na kikaratasi cha daftari la mtoto:
*Mwea. Jaruba la tatu, karibu na mfereji.
Natia magunia mawili. Majani yananona, masuke hayajai.
Kwa nini?*

Kazi yangu ni kukausha kwa nini za watu.
Nazitandaza kwenye trei, nazichekecha,
nazipa nambari. Yake ilikuwa 418.

Nikampigia.
Mama, yurea unairusha juu ya maji?
*Kama ninayelisha kuku.*
Na jioni yake, husikii harufu ya kukata pua?
Kimya. Kisha: *Kama choo cha stendi.*
Harufu hiyo, nikasema, ni pesa zako zinaondoka.

Alicheka mpaka laini ikakwaruza.
*Kumbe miaka yote hii nalimia mawingu!*

Punguza maji kwanza, nikamwambia.
Kitonge kimoja katikati ya mashina manne,
kizamishe urefu wa kidole,
kisha matope yafumbe mdomo.
Usimwage. Zika.
Gunia moja litatosha.

Baadaye nikatazama mshahara wangu kwenye simu:
tarehe nne, na umeshapaa.

Septemba alipiga yeye.
*Majirani wanauliza kama nimefilisika.
Kwao kijani kinapofusha macho.
Kwangu ni kijani cha kawaida tu, mwanangu.*
Subiri, nikasema,
nami sina hakika. Vipimo havina hakika,
vina uwezekano na sehemu ya desimali.
Usiku ule mvua ilipiga mabati ya Uthiru
nikalala nikijiuliza
ni gunia la nani linaloninyeshea.

Desemba upepo uliwapitia.
Mpunga wa jirani, mnene wa majani, ulilala matopeni.
Wa kwake hakunieleza.
Alituma kopo lile lile, mpira ule ule,
ndani yake pishori.

Niliupima kwanza, tabia ya kazi:
gramu mia tisa na kumi na mbili.
Kisha nikainjika sufuria.
Harufu ikatoka chini ya kifuniko,
ikapita dirisha lililovunjika, ikashuka ngazi,
na mlinzi wa getini akauliza kwa sauti
ni nani huyo ana wageni leo.

Ilikuwa inapotelea hewani, yote.
Sikuiandika popote.