Kibirika cha Njano

Kiliwaka Jumanne, karibu na Nanenane,
ndani watoto watatu na ndoo mbili za zabibu
za shemeji yangu wa Hombolo.
Lechi, wa mwisho, akanyoosha kidole kwenye dashibodi:
"Mama, ona, kibirika."
Na kweli, ukikitazama kwa macho yake,
kina mdomo, kina mkono,
kibirika cha njano kilichotelekwa
na hakuna wa kukiepua.

Baba yao akasema, gari la Japani hilo,
linaona haya mbele ya vumbi letu, litazoea.
Nikamwambia na ule mluzi:
mwembamba, kama mtu anayepuliza kwenye pengo la jino,
tukisimama kwenye taa, injini ikingoja.
Akasema, huo upepo wa Dodoma.

Upepo wa Dodoma naujua. Nimezaliwa Mvumi.
Unagombana na mabati, unaingia kwenye unga,
lakini haujifichi chini ya boneti
kunipigia mluzi mimi.

Fundi wa kwanza, Kizota, alinipa kiti cha plastiki
akampigia simu mume wangu kumuuliza gari lina nini.
Akafungua mfuniko wa tenki, akaufunga, ka, ka, ka.
Akachomoa betri, akairudisha. Elfu kumi na tano.
Kibirika kikalala.
Kikaamka Veyula.

Wa pili alikuwa na mashine.
Akaichomeka chini ya usukani kama anayepima presha,
mashine ikajibu kwa mafumbo:
P, sifuri, moja, saba, moja.
Maana yake? Hewa imezidi, mafuta hayatoshi.
Nikacheka. Hiyo ni nyumba yangu kila tarehe ishirini.
Akabadilisha plagi nne, akasafisha sensa ya hewa,
nyekundu kwa vumbi kama goti la mtoto.
Nikasema, kuna mluzi.
Akasema, dada, mashine haijaandika mluzi.
Laki mbili na thelathini.

Wa tatu simtaji, tunasali naye.
Alibandika tepu nyeusi juu ya taa.
"Haya, bado unaiona?"

Usiku ule tukirudi msibani Kongwa
mwanga ukavuja ukingoni mwa tepu,
mstari wa njano, kama chini ya mlango wa chumba
ambamo mtu hajalala.
Nikaibandua kwa ukucha, gari likiwa linakwenda.

Majengo, gereji ya Chidumizi. Mwenyewe hayupo.
Yupo binti yake, Mbeleje, miaka kumi na tisa,
ovaroli limekunjwa mara tatu miguuni,
shavu limejaa karanga.
Akatafuna, akameza, akauliza
lile ambalo hakuna aliyeniuliza:
"Wewe unasikia nini?"

Nikaupiga ule mluzi. Midomo ilikuwa imeuhifadhi.
Hakucheka. Akawasha injini, akainamisha kichwa,
akaomba chupa yangu ya maji
(maji ambayo kwetu hutoka Alhamisi)
akaanza kuyadondosha, tone, tone, juu ya mipira.
Wa kwanza, mluzi upo.
Wa pili, upo.
Wa tatu, ule mfupi wa nyuma, kama kidole gumba,
ukameza maji,
ukanyamaza.

Akanitazama. Nikamtazama.
Kisha ukaanza tena.

Ufa mdogo kuliko ukucha. Alama za meno ya panya.
Na pembeni kiota chake: maganda, manyoya,
na nusu ya soksi ya shule
ambayo nilimchapa Lechi kwa kuipoteza.

Mpira mpya, elfu nane.

Sasa pale kwenye dashibodi ni giza tu.
Baba yao anasema, si nilikwambia litazoea?
Simjibu. Tukifika kwenye taa nazima redio,
nashusha kioo, nasikiliza.

Soksi nimeifua, ingawa haivaliki.
Lechi nimemwomba radhi kwa mandazi mawili.
Kayala yote mawili, akafuta mdomo,
akasema deni ni matatu.