Kioo cha Bi Chumu

Umeme ulipomulika Konde mara ya kwanza
Bi Chumu alifunika kioo kwa kanga yake ya kisutu,
akang'oa waya wa redio,
akatuambia: hesabuni.

Moja, mbili, tatu…
Tulifika kumi
ngurumo ikaviringika
kama pipa tupu juu ya mawe.
"Hiyo ya Tumbe," akasema, akaendelea kupeta mchele.

Mara ya pili tulifika tatu.
"Hiyo kwa Makame."
Ungo ukatua.

Mara ya tatu
hatukuwahi kufumbua midomo.

Asubuhi, nyuma ya choo,
mnazi hauna kichwa,
unafuka moshi kwenye manyunyu.
Bi Chumu akafunua kioo,
akajitazama, akaweka sawa mtandio,
akauliza:
nani kati yenu alihesabu vibaya?