Dakika Nne za Zornitsa

Wameniomba dakika nne.
Miaka thelathini na saba ya Zornitsa Kaloyanova
niikunje kama shuka, itoshe,
maana baada yake kuna hotuba ya waziri, kisha mvinyo.

Nimejifungia chumba cha uhariri, Sofia, Februari,
theluji imeziba nusu ya dirisha,
mikanda imenizunguka kama wadai.

Huyu hapa kalunguyeye wa sufi
aliyewafunza watoto wa nchi nzima kuhesabu hadi kumi;
sauti ni ya Zornitsa mwenyewe, ana mafua.
Hii hapa misimu sita ya yule inspekta
aliyeuawa kwa risasi Jumanne moja
kwa sababu mwigizaji aliomba nyongeza.
Bibi mmoja wa Pleven alileta shada la maua hadi studio.
Zornitsa alilipokea, akalia kweli.

Na hii ni filamu ya tramu,
ile iliyomfanya auze gari:
ukumbi mmoja, wiki tatu,
watazamaji tuliowajua kwa majina.

Wahakiki waliandika: hana mkono wake,
leo vikaragosi, kesho polisi, keshokutwa machozi.
Mchagua jembe si mkulima.
Yeye alilima alipopewa,
na kodi ya nyumba haikungoja ilhamu.

Saa nane usiku nikaupata mkanda wa kwanza kabisa,
wa kabla yangu: tangazo la dawa ya meno.
Mwigizaji kakwama na theluji huko Vratsa,
basi mbele ya kamera kasimama mama yake Zornitsa,
meno ya bandia, juu na chini.
"Cheka, mama."
Mama anacheka, mkono unawahi kuziba mdomo.
"Toa mkono."
Hautoki.
Kampuni ililikataa tangazo.

Nikarudi kwenye mikanda mingine.
Kalunguyeye, kabla hajaitamka kumi: kiganja mdomoni.
Mjane wa inspekta, harusini: kiganja mdomoni.
Kondakta wa tramu, peke yake, kituo cha mwisho.
Mikono hiyo nimeikata na kuiunga mimi,
mwenye macho ya kulipwa,
na sikuiona.

Basi nimejaza mikono mitupu.
Hamna tuzo ndani yake, hamna muziki.
Waziri atakohoa.
Yeye atakuwa safu ya pili, na koti lake lile la kijani.

Zimezidi sekunde kumi na moja.
Hizo ni za mama.
Sikati.