Dashibodi ya Hokororo

Usukani upo kushoto. Nimeingia kwa mlango wa dereva
nikajikuta kwenye kiti cha abiria, mikono haina cha kushika.
Ndivyo walivyoiunda wenyewe, huko, miaka ile,
bila kuuliza Nachingwea tunapita upande gani.

Uani korosho zinaanikwa, harufu imeingia hadi kwenye viti.
Dismas Hokororo ananishikia tochi.
Mnunuzi anatoka Dar Jumamosi, anasema,
na anataka kila mshale ucheze.

Sawa. Lakini kwanza niache niangalie kazi ya watu.

Spidomita ya Shevroleti hii si duara,
ni nusu ya tikiti maji,
namba zimepangwa ukingoni kama meno ya mtu anayecheka:
sifuri hadi mia na kumi.
Maili, si kilomita. Nani aliwahi kufika mia na kumi
kati ya hapa na Masasi, kwenye makorongo yale?
Mshale haukuvuka arobaini.
Hamsini kwenda mbele ni pori lisilokanyagwa,
limechorwa tu, kwa rangi nzuri, kwa watu wenye lami.

Na kule kwa abiria, nusu nyingine,
umbo lile lile, ukingo ule ule wa kromu,
haina mshale, haina namba, haipimi kitu.
Imewekwa ili ya kwanza isikae peke yake.
Hapo nilinyamaza.
Kuna mtu, mezani kwake, na penseli yake,
aliionea huruma bati.

Oili haina kipimo, ina taa nyekundu tu.
Ikiwaka, umeshachelewa.
Hokororo anasema marehemu baba yake alikuwa vivyo hivyo:
hasemi, hasemi,
halafu anawaka.

Saa ndiyo nimeifungua mwisho.
Hujitia ufunguo yenyewe, hii:
kila dakika mbili sumaku inaruka, ta!,
springi inakaza, maisha yanaendelea,
mpaka siku ncha za shaba zinapoungua.
Imesimama mkono mfupi kwenye kumi. Saa nne na robo,
asubuhi au usiku, yenyewe haisemi.

Napitisha msasa laini kwenye ncha, napuliza masizi.
Nageuza kifuniko.
Huku ndani, mahali mwenye gari hafiki,
mafundi saa huandikiana kwa ncha ya sindano.
Na nani asiyejua mwandiko wa baba yake?
Saba yenye mkanda kiunoni,
herufi zimelala kulia kama mtu anayepanda kilima:

S. Mnyambe. 7/11/67. Hajalipa.

Kwetu mwaka ule, alikuwa akisimulia mama,
tulikula mihogo Novemba nzima.

«Umeona nini?» anauliza Hokororo.
«Kutu,» nasema.

Akasogea. Akashusha sauti,
kana kwamba gari lina masikio.
Zile namba ndogo chini ya mshale, elfu sitini na moja na ushei,
haziwezi kurudi kidogo? Zisome thelathini?
Mnunuzi atajuaje.
Nikamwambia hizo sigusi.
Zimetembea kwa miguu yao, moja moja, kwenye vumbi jekundu,
na safari kumi na mbili au ishirini katika hizo
lilipita mbele ya duka la mzee wangu bila kupunguza mwendo.
Hilo la mwisho sikulisema. Nililimeza pamoja na masizi.

Nikaunga waya. Nikasubiri.
Dakika mbili ni ndefu, ukiwa na tochi usoni.

Ta!

Hokororo akapiga kofi la furaha kwenye paa.
«Binti Mnyambe, wewe ni fundi! Basi njoo Jumamosi,
mnunuzi akishanilipa, na mimi nitakulipa.»

Nikamwomba alete tochi karibu zaidi, hapa, ndiyo, hapo hapo.
Na kwa mwanga wake mwenyewe,
chini ya saba yenye mkanda,
nikakwaruza tarehe ya leo
na neno lile lile.