Bara Maana Yake Mkate

Baridi ya Bangor haikunitisha, mimi ni wa Njombe,
nimezaliwa ukunguni, nimefundishia ndani ya sweta.
Kilichonitisha ni kalamu nene na kibandiko cha jina,
na ukumbi wa walimu ishirini na wawili
waliokuja, kama mimi, kujifunza kwa wenyewe
namna ya kufundisha Kiingereza.
Akaingia Bi. Eluned Pritchard, koti linachuruzika,
akatusalimia kwa lugha ambayo si Kiingereza
wala si jamaa yake wa karibu.

Hakueleza. Saa nzima hakueleza.
Aliinua birika: te. Hiyo nikaidaka.
Aliinua chupa ya maziwa, akatoa sauti
ya mtu anayepuliza makaa kwa pembe ya ulimi,
nasi tukapuliza, tukarushiana mate, Mpolandi akapaliwa.
Kisha akainua mkate, akasema: bara.

Bara!
Nikacheka peke yangu kama mwehu.
Akaukata vipande, akazunguka na sahani,
na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona mtu wa kisiwa hiki
akigawa bara, nami nikapata kipande.

Halafu akaniita mbele.
Miaka kumi na tisa nimeshika chaki;
najua kukohoa tu, darasa likanyamaza.
Sikuwa nayajua magoti ya anayeitwa mbele.
Aliuliza kitu. Akauliza tena, polepole,
kana kwamba polepole ni tafsiri.
Nikamgeukia Badriya wa Maskati, ambaye bibi yake alikulia Unguja,
nikanong'ona: "Anasemaje huyu?"
"Hata mimi sijui, shoga."

Ndipo Bi. Eluned akatoa mfukoni kipande cha ubao
chenye uzi, herufi mbili zimechomwa kwa moto,
akanivika shingoni. Bila ukali. Kama nishani.

Wakati wa chai akafungua mdomo kwa Kiingereza.
Hiki ni cha kuigiza, alisema, ila mama wa bibi yake
alikivaa cha kweli, shuleni, milimani kule nyuma ya madirisha,
kwa kosa la kuomba maji kwa lugha ya mama yake.
Ukitaka kukivua, msikie mwenzio, mtaje, avikwe yeye.
Wa mwisho jioni alichapwa.
Walimu wakasema "loo" kwa lafudhi ishirini na mbili.
Mimi nilikuwa natafuna biskuti. Ikakataa kushuka.

Kwa sababu mimi ninacho.
Kimo kwenye droo ya kushoto, ofisi ya walimu,
chini ya daftari la mahudhurio.
Cha msonobari. Nilimlipa fundi kwa fedha yangu mwenyewe,
nikamsimamia mpaka herufi zikakaa sawa.
Atukuzwe Mligo, Kidato cha Pili B, alikivaa siku nne mfululizo
kwa kuwa alikataa kumsikia mwenzake yeyote.
"Sijasikia mtu, mwalimu," alisema, kwa Kiswahili,
na hilo likamwongezea siku ya tano.
Kwenye ripoti yake niliandika: mkaidi.

Mtu gani, hebu niambieni, hupanda ndege mbili
na treni tatu, kuja kufunguliwa droo yake mwenyewe?

Alasiri wakatugawia fomu. Utarudi na nini nyumbani?
Mpolandi alijaza kurasa mbili, akaomba ya tatu.
Niliandika "mbinu", nikafuta.
Mtihani wa Novemba utakuja vilevile, kwa Kiingereza kilekile,
na mkuu wa shule atauliza kibao kiko wapi.
Nikaacha mstari mtupu, nikatia sahihi.

Jioni niliingia duka la mikate, mtaa wa juu,
nikasema kwa sauti ya mtoto wa Kidato cha Kwanza: bara.
Mwenye duka akafurahi, akanifungulia bomba la maneno,
sikuambulia hata moja,
nami nikasimama pale mbele ya foleni, sina jibu,
mkono shingoni, natafuta uzi
ambao nilikwisha kuurudisha.